Maswali na Majibu: Kabla Hujamweka Mtu Kaunta, Mpe Futi

SWALI: Nina duka la vifaa vya ujenzi Buguruni. Vijana niliokuwa nao walimaliza kidato cha nne, lakini kila rola ya waya ilikuwa inapelea, na mafundi walirudisha mabomba yaliyokatwa vibaya. Safari hii niwapime vipi kabla ya kuwaajiri? – Msomaji, Buguruni

JIBU: Ndugu yetu, mtihani wa karatasi hautakusaidia. Mpe futi kamba na bomba la plastiki, halafu mwangalie mikono.

Mwambie akate mita 2.05. Wengi hukwama hapahapa: wanakata mita mbili na nusu, sentimita 45 zaidi. Kisha mpe karatasi ya fundi iliyoandikwa "futi 5.6". Mara nyingi fundi anamaanisha futi 5 na inchi 6, yaani sentimita 167.6. Anayekimbilia kikokotoo na kuzidisha 5.6 kwa 30.48 atapata 170.7, na bomba litazidi kwa sentimita 3. Tunayempendekeza ni yule anayeuliza kwanza, "Fundi, hii sita ni inchi?"

Angalia pia anavyoishika futi yenyewe. Kile kibati cha mbele hucheza kidogo, na asiyejua hudhani kimelegea, akakigonga kikaze. Kimetengenezwa kicheze kwa unene wake, ili kipimo kiwe sahihi ukikinasa kwenye ncha ya bomba na hata ukikisukuma ukutani. Kikikazwa, kimojawapo kitadanganya. Ncha ikiwa imeharibika, anayeanzia alama ya 10 yuko sawa, mradi akumbuke kutoa hizo 10 mwishoni.

Kwenye mizani, agiza misumari kilo moja na robo tatu ndani ya kopo. Anatakiwa aweke kopo tupu, arudishe mizani kwenye sifuri, ndipo amimine hadi isome 1.75. Akisahau kopo, mteja amepunjwa.

Kuhusu waya, huenda vijana wako hawana kosa. Soma lebo: rola ya yadi 100 ina mita 91.44 tu. Kama unaihesabu kuwa mita 100, hizo mita 8.56 hazikuwahi kuingia dukani. Tafadhali hakikisha hilo kabla hujamkata mtu mshahara.

Kijana asiyejua inchi usimfukuze, hilo linafundishika. Mwogope anayekisia, akapima bomba lilelile mara mbili na kukupa majibu mawili bila kushtuka.

SWALI: Nauza vitambaa Kariakoo. Wateja wanasema wakifika nyumbani kitambaa kimepungua. – Mama wa vitambaa

JIBU: Mama, msaidizi wako anakivuta wakati wa kupima. Unapomjaribu, mpe kitambaa cha kuvutika na cha pamba. Cha kuvutika akilaze mezani, akiache kitulie, ndipo apime bila kukikaza. Linganisha pia futi yake ya cherehani na rula ya chuma ya mita moja. Ikiwa imerefuka, anayepunjwa ni wewe, kwa hiyo nunua nyingine.