Kwa huyu kaka anayetaka kumkataza mkewe mwani

Assalam alaykum. Nimemsoma kaka wa Unguja anauliza kama amkataze mkewe alioko Pemba kulima mwani, eti mgongo unamuuma, mkojo unamchoma, na mama mkwe kasema mwani unaharibu kizazi. Mie niko huku huku Pemba, Micheweni, mwaka wa 19 huu naingia pwani na watoto watano nimewazaa humo humo kwenye mwani, basi kaa nikwambie.

Mwani hauli kizazi cha mtu. Kinachotumaliza ni mzigo na mkojo. Mwani mbichi kilo saba nane ndo ukikauka upate kilo moja, sasa piga hesabu polo, yaani gunia, la mwani mkavu limebebwa mara ngapi likiwa bichi linachuruzika, kichwani mpaka juu pwani. Halafu bamvu, zile siku maji yanapokupwa sana, hupwa saa nne saa tano za asubuhi, jua ndo linapanda, umeinama masaa matatu unafunga mwani kwenye kamba kwa taitai, vile vijikamba vidogo, nguo imerowa mpaka kiunoni na choo hakuna. Basi mtu asubuhi hanywi maji asije akabanwa, na akibanwa anajizuia. Mie mimba ya tatu yalinikuta hayo hayo nikasema uchovu tu, usiku nikashikwa na homa na kiuno, kufika kituoni wakapima wakakuta mkojo mchafu na dawa hawana, nikanunue dukani. Nesi alinigombeza kweli, akanambia mkojo mchafu kwa mwenye mimba unaweza kuleta uchungu kabla ya siku zake. Kwa hiyo mkeo akapime, asimeze vidonge vya kuazima kwa jirani. Na maji anywe, akibanwa bahari kubwa ile 😅

Sasa hili hukuliuliza ila umeliandika mwenyewe, kwamba "siku hizi napeleka kidogo kwa vile anapata za mwani". Yakhe, mgongo umeanzia hapo. Matunzo yako juu yako, hata kwa kadhi hilo halina mjadala, na pesa ya mkeo ni ya mkeo. Mwani ulipoanza kule Unguja, Paje na Jambiani, mwaka 1989 ukaja na huku, mama zetu walinunua vyombo, vitanda, wengine wakaezeka mabati. Siku hizi pesa hiyo hiyo inanunua mchele na madaftari, maana waume waliona mwani unaingia wakarudisha mkono nyuma kidogo kidogo. Na bei anapanga mnunuzi, mie kilo nshaiuza chini ya mia tano. Basi ili mchele utimie mtu anaongeza kamba, na kamba zikizidi kiuno nacho kinazidi.

Na nyie mlomjibu kaka kwamba mkewe ahamie kotonii, ile aina nyingine ya mwani, kwa vile ina bei nzuri, nyie mmewahi kuilima? Maji ya pwani siku hizi ya moto, kotonii inaoza kambani unaiona hivi hivi. Kule kina kirefu inakubali lakini kunataka chombo na kunataka kuogelea, na sie wengi tulokuzwa na kanga kiunoni nani alitufunza kuogelea?

Mume wangu nae alikuwa na maneno ya kukataza mpaka siku alonisaidia kubeba polo mbili tu, kesho yake hakwenda kuvua. Toka hapo siku ya kuvuna analipa gari la ng'ombe, na viatu vya mpira kaninunulia baada ya kuchomwa na shokomzoba, yule mdudu wa baharini mwenye miba. Anza na hayo, na za mchele zirudi kama zamani, halafu muulize yeye mwenyewe anataka kuacha au kupunguza kamba. Ila usimpigie saa nne ya bamvu, simu ataiwacha juu kwenye mkoba wake na we utaanza kusema hapokei.