Kuwapeleka watoto wenye mahitaji maalumu kuvua samaki: majibu yangu kutoka Tanga

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba wewe na wafanyakazi wenzako mmechanga fedha, na mnataka kuwachukua watoto arobaini wa shule yenye kitengo cha elimu maalumu kwenda kuvua samaki baharini siku moja ya mwezi Novemba. Umeuliza muanzie wapi, mnunue vifaa gani na fedha ziende wapi. Ninafundisha katika kitengo cha aina hiyo hapa Tanga, na kwa miaka kadhaa tumekuwa tukishirikiana na wavuvi wa mshipi, yaani uzi wa kuvulia, kuwapeleka wanafunzi wetu ghubani, kwa hiyo naomba uniruhusu nijibu kwa kirefu. Kabla ya yote, nakuomba ushike jambo moja: safari ya namna hii haipimwi kwa idadi ya watoto waliofika ufukweni wala kwa uzito wa kapu la samaki, bali kwa muda ambao mshipi ulikaa mkononi mwa mtoto mwenyewe.

Kwa kipimo hicho, watoto arobaini kwa siku moja ni wengi mno. Kila mtoto anahitaji mtu mzima mmoja ambaye siku hiyo hana kazi nyingine yoyote: hapigi picha, hagawi soda, hapokei simu. Mtu huyo awe amekutana na mtoto shuleni walau mara moja kabla ya safari, ajue anavyoomba maji, anavyoonyesha kwamba amechoka, na kinachomtia hofu. Kama mna watu kumi wa namna hiyo, wapelekeni watoto kumi, kisha mwezi mwingine mwachukue kumi wengine. Nimeshuhudia safari iliyojaa mabango na fulana mpya, ambapo watoto walikaa chini ya turubai tangu asubuhi hadi mchana wakiwatazama wageni wakivua kwa niaba yao, na yale hayakuwa malipo stahiki kwa mama aliyeamka saa kumi usiku kumwandaa mwanawe.

Sasa nizungumzie kifaa chenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wenye nia njema hupoteza fedha nyingi. Usinunue fimbo za kuvulia zenye magurudumu ya kukunjia uzi. Mshipi wa mkono ambao wavuvi wetu wanautumia kila siku, yaani uzi uliozungushiwa kibao, chubwi (kizito cha kuuzamisha uzi) na ndoana moja, unawafaa watoto hawa kuliko chombo chochote cha dukani, kwa kuwa kazi yake yote hufanywa na hisia ya kidole. Mtoto asiyeona hapungukiwi na lolote katika uvuvi huu. Tulikuwa na msichana asiyeona ambaye alijua samaki anadonoa chambo kabla nahodha hajajua, akatulia, akangoja mvuto wa pili, ndipo akavuta. Na tangu hapo wenzake katika dau wakawa wanamuuliza yeye, si nahodha, kama wavute au wasubiri. Mtoto kiziwi naye hana analolikosa, mradi mmekubaliana mapema ishara za kuvuta, kulegeza na kukaa chini, na mtu anayezitoa anakaa mbele yake wala si nyuma.

Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye vidole vyake havifunguki kwa urahisi, tunaongeza unene wa kibao kwa kukizungushia vipande vya kitambaa hadi kiganja kikishike, kisha msaidizi anaweka mkono wake chini ya mkono wa mtoto, si juu yake, ili nguvu ya samaki imfikie mtoto kwanza. Tofauti hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua nani anavua. Uzi usizungushwe kamwe kwenye kidole au kifundo cha mkono cha mtoto yeyote, kwa sababu hata kolekole mdogo akikimbia ghafla anaweza kukata ngozi. Kile kijino cha ndoana kinachomzuia samaki kuchomoka kibanweni kwa plaizi hadi kilale. Mtapoteza samaki wachache, lakini ndoana ikimchoma mtoto itatoka bila kuchana nyama.

Watoto wenye usonji wanataka maandalizi ya aina nyingine. Wiki nzima kabla ya safari tunawaonyesha picha za gari watakalopanda, ufukwe, dau, jaketi okozi na samaki, kwa mpangilio uleule watakaokutana nao, na tunaleta jaketi darasani walivae wakiwa wamekaa kwenye madawati yao, maana mgandamizo wa mikanda kifuani huwasumbua wengi. Chambo cha ngisi kina utelezi na harufu kali, basi asiyependa kukishika asilazimishwe, atiliwe na mwingine. Mashine ya boti inapiga kelele, na kwa sababu hiyo sisi hutumia dau linalosukumwa kwa upondo hadi mahali pa kutia nanga, si mbali na ufuo. Lakini zingatieni sana kwamba watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji na wanaweza kuyaendea bila kusema neno. Jaketi livaliwe tangu mtoto anaposhuka kwenye gari, na lisivuliwe hadi anaporudi garini.

Jaketi lenyewe lichaguliwe kwa uzito wa mtoto, na liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu ili lisipande hadi usoni akiwa majini. Mtoto asiyeweza kushikilia shingo yake anahitaji jaketi lenye kola inayokigeuza kichwa na kuuweka uso juu ya maji. Mtoto asifungwe kwenye kiti wala kwenye chombo kwa kamba yoyote, hata kama anayumba. Akalishwe chini kabisa ya dau juu ya kipande cha godoro, na msaidizi awe mgongoni kwake, huku kiti mwendo kikibaki nchi kavu. Mwenye kifafa ambacho dawa bado hazijakidhibiti avue kutoka gatini, jaketi likiwa mwilini, na wengine wawili au watatu wavue pamoja naye pale gatini ili asijione ametengwa. Kabla ya kuondoka, mwalimu ahakikishe dawa za asubuhi zimemezwa, kwa sababu siku yenye haraka ya safari ndipo zinaposahaulika.

Kuhusu jua, wenye ualbino wapewe kofia ya ukingo mpana, shati la mikono mirefu, miwani, na losheni ya kukinga jua. Kilisun, iliyoanza kutengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, mahususi kwa ajili yao, inafaa sana. Maji hurudisha mwanga usoni kutoka chini, kwa hiyo kofia pekee haitoshi.

Novemba si chaguo baya. Kusi imekwisha kulegea, kaskazi haijashika, na katika maleleji haya bahari ya asubuhi huwa tulivu, ingawa mvua za vuli zinaweza kuwaharibia siku na inafaa kuwa na tarehe ya akiba. Chagueni siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, wala si bamvua, kwa sababu siku za bamvua maji hupwa na kujaa kwa zaidi ya mita 3, mkondo huwa mkali, na dau mliloliacha likielea mtalikuta limekaa mchangani, mlazimike kuwabeba watoto matopeni.

Mwulizeni ofisa uvuvi wa halmashauri kuhusu vibali na maeneo. Ikiwa mko Dar es Salaam, msiende kuvua Mbudya wala Bongoyo, kwa kuwa visiwa hivyo ni maeneo tengefu. Chombo kiwe kimekaguliwa na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini.

Nahodha awe mvuvi anayewafahamu samaki wake vizuri, maana tasi na ngogo wana miiba yenye sumu, na ni yeye anayepaswa kuwatoa kwenye ndoana. Chukueni chupa ya chai iliyojaa maji ya moto. Mtu akichomwa, sehemu iliyochomwa hutumbukizwa katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia kwa nusu saa au zaidi, baada ya mtu mzima asiyechomwa kuyapima kwanza kwa mkono wake, kisha mgonjwa apelekwe kituo cha afya. Bunju, samaki ambaye nyama yake inaweza kuwa na sumu, arudishwe majini hapohapo, asiingie kwenye kapu.

Kuhusu fedha, nahodha alipwe zaidi ya kile ambacho angekipata kwa kuvua siku hiyo, ili asiwe na haraka na asimnyang'anye mtoto mshipi pale samaki anaposhika. Wapikeni samaki waliovuliwa na watoto wenyewe, lakini kwa wale wenye shida ya kumeza mchambue minofu na kuipapasa kwa vidole, mwiba mmoja usibaki. Tengeni mahali penye pazia na maji safi kwa ajili ya wanaovaa nepi, wakiwemo wakubwa. Mwalikeni mama au mlezi wa kila mtoto, na nauli yake muilipe ninyi.

Na badala ya kuchapisha fulana, nunueni majaketi mazuri ya saizi za watoto, mkayaache kwa kikundi cha wavuvi pale dikoni, wanapoegesha vyombo vyao, chini ya uangalizi wa shule, ili walimu waweze kurudi na darasa jingine hata ninyi msipokuwepo.