Mishipa, neva na "mafundo" yasiyofunguliwa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasomea tiba ya viungo hapa Dar es Salaam. Nimepewa kazi ya kuandika karatasi ya Kiswahili ya kuwaeleza wagonjwa utafiti kuhusu ganglia, yaani makundi ya seli za neva: zinahusikaje na mwendo, maumivu na kupona kwa neva. Wenzangu wanasema niandike "mafundo ya mishipa". Ni sawa? Na neva iliyokatika ikapona, tuseme imeunga, imetengenezwa au imekarabatiwa? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na mishipa, maana hapo ndipo penye balaa.

Mwaka juzi nilimsindikiza kliniki jirani yangu, mzee wa Magomeni, mguu wake wa kulia ukifa ganzi. Kijana aliyempokea akamwambia, "Mzee, una mshipa umebanwa." Mzee kimya. Tulipotoka, kabla hatujafika kituo cha daladala, akanivuta pembeni: "Mwalimu, mimi sina mshipa. Na kanichunguza saa ngapi huyu?" Kwa watu wengi wa pwani wa rika lake, kusema fulani "ana mshipa" ni habari ya ngiri au busha, na haitajwi mbele za watu.

Tena neno hilohilo hubeba ateri, vena, neva na wakati mwingine hata kano. Ukiambiwa "mshipa umekatika" hujui uzuie damu au upime ganzi. "Mishipa ya fahamu" inaeleweka zaidi. Itumie mara moja mwanzoni, sema "yaani neva", kisha baki na neva mpaka mwisho. Neva imebanwa, neva zimebanwa; "maneva" hapana.

Sasa fundo. Kamba ikipigwa fundo hufunguliwa, na mwenye kinyongo huambiwa ana fundo moyoni. Mgonjwa akisoma kwamba ana "mafundo ya neva" atauliza yatafunguliwa lini, na wakandaji wa mtaani wako tayari na mafuta yao ya nazi. Kumbe kila mzima anayo! "Kifundo" ndiyo usiguse kabisa: hicho ni cha mguu au cha mkono. Wagiriki nao hawakutusaidia. Neno lao, ganglion, lilikuwa la uvimbe mdogo karibu na kano, na hadi leo kile kivimbe cha majimaji kinachotokea kwenye kifundo cha mkono huitwa ganglioni, ingawa ndani yake hamna seli ya neva hata moja.

Badala ya ganglia, mimi ningeandika kishada cha neva. Fikiria kishada cha zabibu: punje zimebanana, kila moja na kikonyo chake. Kando ya uti wa mgongo, kulia na kushoto, kuna vishada vya namna hiyo vya seli za neva. Kila seli hutoa uzi mmoja unaogawanyika matawi mawili: moja huenda kwenye ngozi, misuli na viungo, jingine huingia kwenye ugwe mgongo. (Uti ni mifupa, ugwe ndio ule uzi mnene uliomo ndani yake. Usivichanganye.) Seli haionekani kwa macho, lakini uzi wake kutoka kidole gumba cha mguu unaweza kupita urefu wa mita moja.

Vishada hivi haviamrishi msuli. Hupeleka habari: pameungua, pamechomwa, goti limekunjwa. Ndiyo maana unashuka ngazi umeme ukiwa umekatika na mguu unajua ulipo. Na usiandike "mwendo", kwa kuwa msomaji wa Dar atafikiria kasi, andika "kujongea".

Kuhusu maumivu, Waswahili tulishachora ramani ya kishada bila kujua. Virusi vya tetekuwanga haviondoki mwilini vipele vikikauka. Hujificha kwenye vishada kwa miaka mingi. Vikiamka, mara nyingi hufuata nyuzi za kishada kimoja hadi kwenye ngozi, upande mmoja tu wa mwili, malengelenge yakajipanga kutoka mgongoni kuja kifuani. Mkanda wa jeshi! Anza karatasi yako na huo, kila nyumba inaujua. Na anayelalamika kwamba ngozi imekauka lakini bado anaungua hajidekezi: neva zenyewe zimejeruhiwa.

Ndani ya ubongo kuna makundi mengine yanayosimamia kujongea, nayo huitwa ganglia kwa mazoea. Wataalamu wengi wa anatomia hawalipendi jina hilo kwa yaliyomo ubongoni; wao husema viini. Tuwafuate. Seli za kiini kimojawapo zinazotengeneza dopamini (kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kupashana habari) zikifa, mtu hupata ule ugonjwa wa kutetemeka ambao James Parkinson aliueleza London mwaka 1817.

Kuunga ni kwa mfupa, na kukarabati tuwaachie wa barabara. Daktari hushona ala ya neva, yaani ganda lake la nje, lakini uzi uliokatwa haushikani tena. Daktari Mwingereza Augustus Waller alionyesha mwaka 1850, kwa neva za ulimi wa chura, kwamba sehemu iliyotengwa na seli hufa. Kinachofuata ni machipukizi kutoka upande wenye seli, kama kisiki cha mwarobaini. Basi sema neva inachipua. Huenda kama milimita 1 kwa siku: kutoka kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole, sentimeta 18 hivi, ni miezi sita. Ajabu ni kwamba tawi la kwenda kwenye ngozi huchipua, lakini lile lililoingia kwenye ugwe, la seli ileile, halichipui vizuri. Kwa panya imeonekana kwamba tawi la nje likijeruhiwa kwanza, la ndani nalo huchangamka. Watafiti wanataka kujua kishada kimeambiwa nini hapo.

Utakapokuwa unagonga taratibu juu ya neva kuona machipukizi yamefika wapi, mgonjwa atakwambia, "Sisimizi wanatambaa." Andika hivyohivyo kwenye faili. Mfaransa Jules Tinel, aliyeieleza dalili hiyo mwaka 1915, alitumia neno la kwao linalotokana na sisimizi haohao.