Shemeji kasema huyo si Mmarekani

SWALI: Shikamoo dada. Shemeji yangu kakaa Minnesota, Marekani, miaka kumi na moja, sasa yuko likizo hapa kwetu. Kila tukitazama filamu ananiharibia: "Huyo si Mmarekani, ni Mwingereza huyo." Mimi nasikia Kiingereza tu! Nikitafuta jina kwenye simu, kweli Mwingereza. Anajuaje? Au ananitangulia kwenye simu?
Msomaji, Kihonda, Morogoro

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. La simu usilitupe, mashemeji nawajua. Ila kama ni masikio, basi anasikiliza r.

Mmarekani wa kawaida wa kwenye filamu huitamka r popote ilipoandikwa. Mwingereza wa London huimeza ikiwa mwisho wa neno: "car" kwake ni "kaa", kama unavyomwambia mgeni akae. Sasa akiigiza Mmarekani inabidi azitapike r zote alizomeza tangu utotoni. Mpe nafasi ya daktari, umwambie aseme "coronary artery" (mshipa wa moyo), r nne katika maneno mawili! Mwingereza Hugh Laurie aliibeba kazi hiyo akiwa daktari kwenye tamthilia ya House kuanzia 2004 hadi 2012. Video ya majaribio alijirekodi bafuni hotelini, Namibia, alikokuwa akicheza filamu nyingine, na mwongozaji alipoitazama akafurahi kwamba hatimaye kapata Mmarekani halisi.

Halafu kuna t. Kwenye "water" Mmarekani huigusa t kwa ncha ya ulimi, mara moja, upesi. Ni karibu sawa na r yetu ya "bara". Sema "wora" kwa r ya Morogoro uone unavyokaribia. Wenzetu hulipa walimu wa lafudhi kwa hiyo, sisi tumepewa bure.

Waigizaji wengi hawaharibu kwa kukosa kujua. Huharibu kwa kuzidisha. Umeona mwigizaji wa bara akipewa nafasi ya Mpemba? "Yakhe" kila baada ya maneno matatu, na sauti anaivuta kama kamba ya ndoo. Mpemba mwenyewe akitazama anahisi anatukanwa. Wengine huponzwa na hasira: mtu kaongea vizuri saa nzima, likija tukio la kugombana, London inatoka yote. Ukitaka kumkamata mwigizaji, msubiri apige kelele.

Walioniweza mimi ni wawili. Idris Elba, mzaliwa wa Hackney, London, alipocheza Stringer Bell, muuza unga wa Baltimore kwenye tamthilia ya Kimarekani The Wire, sikushtuka hata kidogo. Anaongea polepole, hapandishi sauti, na nadhani siri ndiyo hiyo. Wa pili ni Lupita Nyong'o wetu. (Ndiyo, nasema wetu, Wakenya mtanisamehe.) Kwenye filamu ya Us ya 2019 ni mama wa Kimarekani, na papo hapo ni mwenzake wa kutisha mwenye sauti iliyokwaruza, na humo mote Nairobi huisikii. Lafudhi hiyo aliifanyia kazi akiwa chuoni Yale, na amewahi kueleza kwamba ilifika mahali akaitamani sauti yake ya nyumbani.

Sasa mpime shemeji. Mtafutie The Wire, msimu wa pili. Kuna polisi anaitwa McNulty, anayechezwa na Dominic West, Mwingereza wa Sheffield. Katika sehemu moja polisi huyo anajifanya mteja wa Kiingereza ili aingie kwenye danguro (watoto wawe wamelala), na hicho Kiingereza cha London anakivuruga makusudi mpaka kinachekesha. Yaani Mwingereza anaigiza Mmarekani anayeigiza Mwingereza vibaya. Simamisha hapo hapo, muulize shemeji huyo ni mtu wa wapi. Na simu yake uwe umeishika wewe.