Maswali ya Wasomaji: Plaiwudi ya Birchi na Mchwa wa Dodoma

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni seremala hapa Nkuhungu, Dodoma. Mteja ameniletea kutoka Dar es Salaam plaiwudi tano nyeupe za milimita 18, anazoziita birchi, akitaka rafu za vitabu na benchi la barazani, tena kingo zibaki wazi bila kubandikwa ukanda. Nilipokata ya kwanza, uso ulichanika vibaya. Je, hii ndiyo marini tunayotumia kumwagia zege? Na mchwa wa kwetu itawaweza?

JIBU: Ndugu fundi, anza kwa kuhesabu tabaka ukingoni. Birchi, au mbetula, ni mti wa nchi za baridi kama vile Finland, Latvia na Urusi, na plaiwudi yake halisi huundwa kwa karatasi za mbao zenye unene wa takriban milimita 1.4, kila moja ikilazwa kukingamana na iliyo chini yake, hata ubao wa milimita 18 ukawa na tabaka 13, zote za mti huohuo. Ukikuta tabaka saba nene, au kiini laini chenye rangi nyingine, basi mteja wako ameuziwa uso tu.

Marini ya zege hutambulika kwa utando wake wa kahawia unaoteleza. Ndani yake mti waweza kuwa birchi au mwingine wowote.

Uso umechanika kwa sababu karatasi ya juu ni nyembamba na ngumu. Chora mstari wa kukata kwa kisu chenye makali, ukipita mara mbili au tatu hadi nyuzi zikatike, kisha pitisha msumeno upande wa nje wa mstari huo. Ukitumia msumeno wa umeme wa mkononi, uso mzuri uelekee chini, kwani meno yake hupanda yanapokata. Kwa msumeno wa kawaida, uelekee juu. Kwenye msasa uwe na subira, maana ukizidisha utatokea kwenye gundi, na doa hilo halifutiki. Skrubu inayoingia ukingoni itobolewe njia kwanza kwa keekee, la sivyo tabaka zitaachana.

Rafu zikate nyuzi za uso zikifuata urefu, na nguzo zisiachane zaidi ya sentimita 80, kwa kuwa vitabu ni vizito kuliko watu wanavyodhani. Paka vanishi pande zote mbili kwa usawa. Katika ukavu wetu wa Mei hadi Novemba, ubao uliopakwa upande mmoja hupinda.

Benchi la barazani mimi ningelikataa. Gundi nyeusi ya fenoli, inayoshikanisha tabaka, hustahimili maji, lakini mti wenyewe huoza ukilowa mara kwa mara, na mchwa huula kwa raha. Mtengenezee la mninga. Hata rafu zisimamishe juu ya miguu ya chuma, mbali kidogo na ukuta, ili njia ya udongo ya mchwa ionekane mapema.

Kwa migongo ya rafu, isiyoonekana, plaiwudi ya msonobari kutoka Mafinga yatosha, nawe utabakiwa na vipande vya birchi vya kutengenezea droo.