Maswali ya Wasomaji: Kuishika Mkono Asasi Iliyo Katikati ya Vita

Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu kufuata Februari, barua za namna moja zimekuwa zikitufikia kutoka nyanda zetu za juu kusini. Wanaoandika ni wafanyabiashara, vikundi vya kuweka na kukopa na kamati za makanisa. Wote wanataka kuchangia asasi ndogo za mashariki ya Kongo, na wote wanaogopa hela kupotea. Mwezi huu tunajibu tano.

Kamwene ndugu zangu. Sisi ni wenye viwanda vidogo vya mbao hapa Mafinga. Tumechanga shilingi milioni 24 kwa ajili ya asasi ya Kivu Kusini inayohifadhi kina mama na watoto waliokimbia mapigano. Nusu yetu wanataka tununue mablanketi na nguo tupakie Fuso, nusu wanataka tupeleke hela. Asasi yenyewe imeomba pango na mishahara, jambo lililowaudhi baadhi yetu. Tufanyeje? (Mwenyekiti, Mafinga)

Kamwene mwenyekiti. Pelekeni hela, na hilo la mishahara lisiwaudhi. Vita ikifika, asasi ndogo haifi kwa kukosa mablanketi. Inakufa kwa sababu mhasibu amechukuliwa na shirika la kimataifa linalolipa zaidi, dereva amekimbia na familia yake, na mwenye nyumba anataka pango la miezi mitatu kwa mkupuo, tena kwa dola. Mablanketi yakija siku hiyo yanakuta mlango umefungwa.

Wafadhili wakubwa wanapenda kulipia vitu vinavyoonekana, huku hela za uendeshaji zikiishia juu ya mnyororo, kwa mashirika makubwa yanayozipokea kwanza. Mashirika ya Umoja wa Mataifa kwa kawaida huweka asilimia 7 kwa ajili ya utawala wao. Marekani ilipandisha kiwango cha gharama za uendeshaji inachowaruhusu mashirika yasiyo na makubaliano maalumu nayo kutoka asilimia 10 hadi 15 kuanzia Oktoba 2024. Asasi ya mwisho kwenye mnyororo, ile inayolala na wakimbizi, mara nyingi haiachiwi kitu. Mei 2016 huko Istanbul wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba ifikapo 2020 robo ya fedha za misaada ya dharura itawafikia wenyeji kwa njia fupi iwezekanavyo. Mwaka 2022 fedha zilizowafikia moja kwa moja zilikuwa kama asilimia 1.2.

Kwa milioni 24 zenu, mgawanyo huu unaweza kuwa mahali pa kuanzia mazungumzo. Tuseme asasi ina watumishi 8, wastani wa 200,000 kila mmoja: hiyo ni 1,600,000. Pango, simu na intaneti ni 400,000. Jumla milioni 2 kwa mwezi, yaani milioni 12 kwa miezi sita. Milioni 6 ziwe za chakula, dawa na mahitaji ya wanaohifadhiwa, nao wenyewe waamue kipi kinunuliwe. Milioni 3 ni za makato, hasara ya kubadilisha fedha na usafiri. Milioni 3 za mwisho ni akiba ya dharura, ibaki kwenu Mafinga lakini iwe tayari kutoka ndani ya saa 24. Kabla ya kusaini, ulizeni nani mwingine anawachangia na analipia nini. Ikiwa mishahara tayari ina mlipaji mwingine, geuzeni hesabu.

Makubaliano yasizidi kurasa mbili. Wekeni kifungu kinachowaruhusu kuhamisha hadi asilimia 25 ya fungu moja kwenda jingine bila kuomba. Zaidi ya hapo watume ujumbe, nanyi mjibu ndani ya saa 48, na mkinyamaza ihesabiwe mmekubali. Hapa ndipo wengi wanapokosea: kamati hukutana mara moja kwa mwezi, na mstari wa mapigano unahama kwa siku mbili. Hela inakaa inasubiri kikao huku watu wanaohama wakikosa nauli ya mtumbwi.

Kubalianeni pia dalili za hatari kabla hazijatokea. Mfano: barabara kuu ikifungwa, au benki ya mji ikisitisha huduma, asasi ilipe mara moja mishahara ya miezi miwili mbele, itoe kompyuta na hati muhimu, na watumishi waondoke na familia zao bila kusubiri ruhusa ya mtu. Mgeni wa shirika kubwa huondolewa kwa ndege. Mwenyeji asipokuwa na fungu hili hubaki na funguo za ofisi mfukoni.

Hizo nguo za kwenye Fuso tusizungumze sana. Mafuta, mpaka, ushuru na ghala vitakula thamani ya mzigo, na mitumba haijawahi kuadimika Kongo.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha wanawake wafanyabiashara Tunduma. Tunasikia benki zimefungwa kule. Hela itafikaje, na tutajuaje haijaliwa wakati hakuna risiti? (Mama wa Tunduma)

Mama, umeuliza maswali mawili na yote yana uzito.

Benki za Goma zilifunga milango wakati mji unatekwa, na watu wakabaki na fedha za simu. Tatizo la fedha za simu ni kwamba wakala lazima awe na noti. Noti zikiadimika, kamisheni inapanda. Sudan iliyaona hayo baada ya vita kuanza tarehe 15 Aprili 2023. Vyumba vya dharura, yaani kamati za vijana wa mitaa, vililisha watu kwenye majiko ya pamoja kwa hela zilizopitia programu ya simu ya benki moja, Bankak. Mitandao ilipozimwa Februari 2024, majiko mengi ya Khartoum yalisimama, na kwingineko waliokuwa na salio walikatwa zaidi ya sehemu ya kumi ili kupata noti.

Kwa hiyo msitegemee njia moja. Tayarisheni tatu, na kila moja ijaribiwe kwa kiasi kidogo, 50,000 hivi, kabla ya mzigo wenyewe. Ya kwanza ni akaunti ya benki yenye jina la asasi katika mji ulio shwari, watia saini wakiwa watatu na mmoja wao akiishi nje ya eneo la vita. Ya pili ni fedha za simu kwa namba mbili za watumishi wawili, zilizotajwa kwenye barua ya bodi. Hela ikiingia kwenye simu ya mtu itoke siku hiyo hiyo, kwa sababu mwenye laini akikamatwa au akikimbia, salio linaondoka naye na hakuna wa kumlaumu. Ya tatu ndiyo tunayoipenda zaidi: asasi inachukua unga, mafuta na sabuni kwa muuzaji wa jumla wa mji wao kwa maandishi, nanyi mnamlipa muuzaji kwenye akaunti yake iliyo mahali salama. Noti hazisafiri kabisa. Asasi ikusanye bei za wauzaji watatu, na izirudie kila mwezi, maana muuzaji mmoja akijua hana mshindani atapandisha.

Kiasi kilicho mikononi mwao kisizidi mahitaji ya wiki 6. Kikiwa kidogo mno, makato yanawamaliza. Kikiwa kikubwa zaidi, kinawaita wenye bunduki. Kama mnapeleka dola taslimu, noti ziwe mpya: iliyochanika hata ukingoni hukataliwa Kongo.

Sasa ushahidi. Kwanza, kubalini makato kama gharama halali, yaandikwe na kiwango cha siku. Mfadhili anayekataa kuyaona makato anamfundisha mhasibu kughushi risiti za sabuni ili hesabu zikae sawa. Risiti isipopatikana, itumike vocha ya ndani yenye tarehe, kiasi, bidhaa, saini za watumishi wawili na dole gumba la muuzaji, pamoja na picha ya stoo kabla na baada. Kisha pigeni hesabu ya vinywa. Mtu mmoja hukadiriwa gramu 400 za nafaka kwa siku. Watu 60 kwa siku 30 ni kilo 720. Wakiandika kilo 1,500, ulizeni. Wakiandika 300, ulizeni pia, kwa maana kuna watu hawakula. Hesabu hiyo inafichua mengi kuliko bahasha ya risiti.

Upande wenu, benki itataka kujua hela imetoka kwa nani na inakwenda kwa nani, kwa mujibu wa sheria ya utakatishaji fedha ya 2006. Tunzeni daftari la wachangiaji na barua ya makubaliano. Na kama mtapitisha mchango kwa asasi iliyosajiliwa hapa nchini, kanuni za mwaka 2018 zinataka mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 ufikishwe Hazina na kwa Msajili wa NGO ndani ya siku 10. Watu wa Mafinga hapo juu hilo linawahusu pia.

Kamati yetu ya kanisa Tukuyu inataka majina na picha za waliosaidiwa ili tubandike ubaoni, waumini waone sadaka yao ilikokwenda. Asasi inasitasita. Je, kuna kitu wanaficha? (Mzee wa kanisa, Tukuyu)

Hapana mzee, wanalinda watu. Orodha ya majina yenye kabila, kijiji na namba ya simu ni hatari tupu ikikutwa kwenye simu iliyokaguliwa kwenye kizuizi cha barabarani. Pokeeni idadi kwa umri na jinsia, kila familia ikiwa na namba ya siri, na orodha kamili ibaki kwa mtu mmoja aliye nje ya eneo. Ubaoni bandikeni kilo, idadi ya watu na mwezi. Picha iwe ya magunia.

Asasi tunayoichangia inasema vijana wenye silaha hutoza "kodi" barabarani. Tukiwaambia walipe, sisi tumefanya kosa? Tukiwakataza, chakula hakifiki. (Msomaji, Sumbawanga)

M23 ipo kwenye orodha ya vikwazo ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa tangu tarehe 31 Desemba 2012, kwa hiyo swali lako si dogo. Azimio namba 2664 la Desemba 2022 lililegeza uzi: fedha na bidhaa zinazohitajika kufikisha msaada wa kibinadamu hazihesabiwi kuvunja zuio la mali. Lakini soma ni nani anafunikwa. Ni Umoja wa Mataifa, mashirika ya kibinadamu yenye hadhi ya mwangalizi katika Baraza Kuu, na asasi zinazofadhiliwa na serikali zilizo ndani ya mipango ya misaada ya Umoja wa Mataifa, pamoja na wabia wao. Kikundi cha Sumbawanga kinachopeleka hela kivyake hakimo. Ndiyo maana tunashauri asasi mnayoichagua iwe mbia wa mpango huo, au mchango upitie kwa iliyomo.

Kwa kazi ya kila siku, andikeni mapema: bajeti haina fungu la kulipa kizuizi, dereva akizuiwa ajaribu njia nyingine au arudi, akilazimishwa kwa bunduki atoe, asife kwa ajili ya magunia. Tukio lisimuliwe kwa sauti siku hiyo hiyo kwa mtu aliye nje, na thamani isikatwe kwenye mshahara wake. Tengeni asilimia 5 ya mchango kuwa hasara ya vita. Mfadhili anayetaka hasara iwe sifuri hajaiondoa hatari, ameisukuma kwa dereva, naye dereva atajifunza kunyamaza.

Neno moja zaidi, ingawa hukuliuliza: msichangie peke yenu. Msiwe mguu pekee wa kiti. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, majiko mengi ya pamoja ya Sudan yalifungwa ndani ya wiki chache kwa sababu hela ilitoka upande mmoja. Mchango wenu ukizidi theluthi moja ya bajeti ya asasi, sehemu yake ilipie mtu wa kuandika maombi kwa wafadhili wengine.

Ushirika wetu wa wakulima Njombe una magunia 200 ya mahindi ya kuchangia. Tuyapeleke Kongo au tuyauze? (Katibu, Njombe)

Semeni kwanza ni kilo ngapi. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, haina nafasi kwenye hati za mpakani. Tukichukua kilo 100 kwa gunia, mna tani 20, chakula cha watu wapatao 550 kwa miezi mitatu. Ni mzigo wa maana.

Kuyavusha kunahitaji kibali cha kusafirisha nafaka na cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Unyevu usizidi asilimia 13.5 na sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni, la sivyo lori linakaa Tunduma na mahindi yanapata joto chini ya turubai. Kama nia yenu ni wakimbizi walioko Nyarugusu mkoani Kigoma, huwezi kufika getini na lori tu. Kibali ni cha Wizara ya Mambo ya Ndani.

Maoni yetu: uzeni hapa wakati bei ni nzuri, hela iende kwa njia ya muuzaji wa jumla tuliyomweleza mama wa Tunduma. Mkishikilia kupeleka mahindi yenyewe, fungeni kwenye mifuko ya kilo 25 ambayo mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kuibeba, na msisage huku, kwa sababu dona huchacha haraka kuliko punje. Waulizeni kwanza kama mashine ya kusaga iliyo karibu nao bado inapata dizeli.