Nilidhani Upako Uko Kooni

Miaka yangu ya mwanzo ya kuhubiri nilikuwa na leso nyeupe mfukoni. Si kwamba nilitokwa na jasho jingi. Leso niliiona kwa mhubiri niliyempenda, nikaamini bila leso mahubiri hayakolei. Hata kikohozi chake, kile kidogo cha kabla ya kutaja andiko, nilikuwa nacho. Nikipaza sauti watu wanaitika "Amina!", nami nashuka madhabahuni nikiwa na hakika kwamba upako, ule moto wa Roho, umeshuka.

Jumapili moja mama mmoja mtu mzima, mwombaji wa siku nyingi, alinishika mkono mlangoni akaniuliza taratibu: "Mwanangu, leo ulikuwa unamgombeza nani?"

Nilikosa jibu. Siku hiyo nilikuwa nimehubiri msamaha kutoka Mathayo 18, habari ya mtumwa aliyesamehewa deni kubwa mno la talanta elfu kumi, kisha akaenda kumkaba koo mwenzake kwa deni dogo la dinari mia. Na mimi na kaka yangu ulikuwa mwaka wa pili hatusemezani. Mama yule hakulijua hilo. Nadhani alilisikia tu.

Sisi wahubiri tunapenda kusema "nguvu na mamlaka" kwa pumzi moja, kama vile ni kitu kimoja. Agano Jipya la Kigiriki lina maneno mawili. Dunamis ni uwezo wa kutenda, ule walioahidiwa wanafunzi katika Matendo 1:8. Exousia ni haki ya kutenda, na mtu hupewa na aliye juu yake. Mathayo 7:29 inaposema Yesu alifundisha "kama mtu mwenye amri", neno lililopo hapo ni exousia. Makutano hawakusifu sauti yake. Na yule akida wa Mathayo 8 aliielewa siri hii kuliko wengi wetu: alijua askari wake wanamtii kwa sababu yeye mwenyewe yuko chini ya mamlaka.

Hapo ndipo nilipokuwa nimekwama. Nilitaka andiko liwatawale washirika kabla halijanitawala mimi. Wana saba wa Skewa, katika Matendo 19, walipojaribu kumtoa pepo walikuwa na maneno yote yanayotakiwa, jina la Yesu na la Paulo juu yake. Pepo akawauliza ninyi ni nani, wakatoka mbio uchi, wamejeruhiwa. Kila nikikumbuka leso yangu nacheka, ila si sana.

Nilikwenda kwa kaka. Usitarajie hadithi ya kukumbatiana na machozi. Alinitazama akasema, "Umekuja kwa sababu unataka kwenda kuhubiri?" Nikanyamaza, maana ilikuwa nusu kweli. Ilituchukua miezi. Niliporudi kwenye Mathayo 18 nilizungumza kwa muda mfupi, bila kelele, na kanisa likawa kimya kabisa. Nilishuka nikidhani nimeboronga. Wiki hiyo watu watatu walinijia, kila mmoja kwa wakati wake, wakiniomba niwasindikize kwa ndugu waliokosana nao. Mmoja wao alifukuzwa mlangoni, nikiwa pembeni yake.

Kwa hiyo, kama unaanza huduma, ushauri wangu wa kwanza ni huo: acha andiko likukute wewe kwanza, hata kama Jumapili imekaribia na mahubiri hayajaiva.

Wa pili unahusu ile kauli ya "Bwana ameniambia". Iogope. Mamlaka uliyopewa ina mipaka, na Paulo aliichora wazi katika 1 Wakorintho 7: mahali pamoja anasema si yeye bali ni Bwana, mahali pengine anakiri kwamba hana amri ya Bwana, anatoa shauri tu. Mtume! Ukiwa na maoni yako kuhusu ndoa ya mtu au sadaka yake, sema ni maoni yako. Na anayekwenda nyumbani kuyachunguza mahubiri yako si mwasi. Watu wa Beroya waliyachunguza Maandiko kila siku kuona kama aliyosema Paulo ndivyo yalivyo, na Luka, mwandishi wa Matendo, akawaita waungwana. Wanaojikinga kwa kusema "usimguse mpakwa mafuta wa Bwana" wasome vizuri. Daudi alikataa kumwua mfalme Sauli, aliyekuwa mpakwa mafuta huyo, lakini alimweleza kosa lake hadharani, watu wote wakisikia.

Kuhusu maombi sina mengi. Wanafunzi walikuwa wametembea na Yesu mwenyewe, bado wakaambiwa wangoje mjini mpaka wavikwe uwezo utokao juu. Kama wao walingoja, mimi ni nani? Ila sina kanuni ya saa ngapi za kufunga huleta nini. Nimewahi kukesha nikiomba, kesho yake mahubiri yakawa makavu kama kuni. Paulo naye alifika Korintho katika udhaifu na hofu na matetemeko mengi, hakulificha.

Siku hizi Jumamosi jioni nalisoma andiko kwa sauti, polepole, nikitafuta mtu wa kwanza linayemhusu. Mara nyingi ni mimi. Na mara nyingine inanibidi nipige simu kabla ya kulala.